Kofia Niliyomvua Ukweni

Kofia yenyewe ni ya ukili, pana, ya kiume, aina ile wanayovaa wazee wa Handeni wakienda kuangalia mbuzi. Mama yetu aliinunua sokoni Korogwe siku aliyomleta mdogo wangu aje kukaa kwangu. Tulikutana stendi, akanikabidhi binti na kofia pamoja. "Huyu na hii kofia ni kitu kimoja," akaniambia. "Jua la huko kwenu si la kwetu." Nikajibu, "Ndiyo mama, nimesikia." Uongo mtupu. Nilikuwa nalitazama basi la kurudi Handeni lisije likatuacha.

Mimi ni wa kwanza kuzaliwa kwetu, yeye ni wa mwisho, na katikati yetu wapo wanaume watatu. Alizaliwa na ualbino. Kwetu Dindira, huko milimani, miaka ile kila mtu alikuwa na jina lake la kumwita mtoto wa namna hiyo, na mengine sitayaandika hapa. Kwa ajili ya jina moja nilimpiga mtoto wa jirani kwa mwiko wa ugali, mama yake akaja kulalamika, na yeye nikamjibu vibaya mpaka akaondoka analia. Ndivyo nilivyo. Mdomo ninao, na sijawahi kuutafuta nikaukosa.

Nilijiapiza mapema kwamba hakuna mtu atakayesema mdogo wangu hawezi kazi. Waliposema akae ndani, mimi nilimtoa. Alichuma chai kama wenzake, alibeba kuni, alipalilia maharage kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaukataa. "Mkimdekeza mtamfanya kilema," nilikuwa nawaambia wazazi wangu, tena kwa sauti ya juu. Nikiikumbuka kauli hiyo leo natamani ardhi ipasuke inimeze.

Tena kwetu, lazima niseme, jua hatukulijua. Asubuhi ukungu unakaa mpaka saa nne, watu wanachuma chai wamevaa masweta, na siku nyingine unarudi nyumbani bila kukiona kivuli chako. Jioni mashavu ya mdogo wangu yalikuwa mekundu, ngozi ya pua inabanduka, na bibi yetu alisema, "Baridi imembabua." Sote tukaamini. Jua lenyewe hujaliona tangu asubuhi, utalishtakije? Tulimpaka mafuta ya nazi, tukamwongezea sweta, basi.

Hofu yetu ilikuwa kwingine. Ilikuja ile miaka ya habari mbaya redioni, watu kama yeye wakiwindwa kama wanyama, na baba akawa anampeleka shule na kumfuata kila siku, panga mkononi. Mlango wetu ulikuwa na komeo mbili. Mgeni asiyejulikana hakupewa hata maji ya kunywa. Tulimlinda na watu kwa nguvu zetu zote, jua tukaliachia njia.

Nilipoolewa Handeni na Mzigua, nikafungua meza sokoni ya maharage na mboga za milimani. Mdogo wangu alipomaliza shule nikamwomba kwa mama aje anisaidie. Hapo ndipo ilipokuja ile kofia. Wiki za kwanza aliivaa bila kuivua, na shati la baba la mikono mirefu, na watu wa soko walimzoea haraka kuliko walivyonizoea mimi. Macho yake yalikuwa hayaoni mbali lakini sauti alikuwa nayo. "Karibuni maharage ya milimani, yanaiva kabla mume hajauliza!" Wanaume wanacheka, wanawake wanasogea. Akimjua mteja kwa sauti, anamtania kabla hajafika mezani. Meza yangu ikawa na watu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Kwa wakwe zangu kuna desturi, na sidhani ni kwao tu. Msimu wa palizi, mke huchukua ndugu zake mmoja au wawili, wanakwenda kumsaidia mama mkwe shambani siku nzima. Mahindi yangepaliliwa hata bila sisi. Siku hiyo ni ya kuonekana: kwenu mnafundishwaje kazi, mnasalimiaje, mnavaaje. Wifi zangu wana macho, na ndimi zao ni ndefu kama ulimi wangu. Mwaka ule kaka zangu walikuwa na shughuli zao, nikaamua kwenda na mdogo wangu. Nilitaka wamuone anavyolima. Nilitaka wanyamaze moja kwa moja.

Tulishuka kwenye bodaboda mwanzo wa njia ya shamba, saa mbili asubuhi. Nikamtazama. Kofia ya mchunga mbuzi, shati la baba limefungwa mpaka shingoni, mikono imemeza viganja. Nikazisikia sauti za wifi zangu kabla sijawafikia.

"Vua hiyo kofia," nikamwambia.

"Dada, jua."

"Jua gani saa mbili hii? Utawasalimia wakwe na kofia ya kiume kichwani? Unataka waseme kwetu hatukufunzwa?"

Akaivua. Hakubishana, maana kwetu mdogo habishani na dada yake mkubwa. Shati nalo nikamwambia alivue, akabaki na blauzi ya kitenge ya mikono mifupi, shingo pana inayoacha mabega na mgongo wazi. Nikatoa kanga kwenye kikapu, nikamfunga kilemba kwa mikono yangu mwenyewe, nikakikaza nyuma ya masikio kama tunavyofunga wanawake tukienda kulima, kisilegee. Masikio yote mawili yakabaki nje. Kofia nikaitia kikapuni chini ya maboga.

"Shikamoo mama," akamwambia mama mkwe akiwa amepiga goti.

"Marahaba mwanangu, karibu. Kumbe ndiye huyu? Haya, Washambaa tutawaona leo, huku hakuna ukungu wa kujifichia."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, akashika jembe. Akalima jamani! Alikuwa mbele yangu, mbele ya wifi zangu, mstari baada ya mstari. Ilipofika saa tano nilimsikia wifi mkubwa akisema, "Huyu mtoto ana mkono." Nikavimba kichwa. Nilikuwa nalima huku natabasamu peke yangu.

Saa sita alikuja karibu yangu. Mabega yake yalikuwa yamekuwa mekundu, na shingo, na juu ya masikio. Niliyaona. Nikitaka kujitetea nitasema sikuona, lakini niliona vizuri kabisa.

"Dada, mgongo unawaka."

"Maliza mstari."

Mama mkwe alikuwa amekaa kivulini anamenya mihogo. "Mwambie huyo mtoto apumzike," akasema. Nikamjibu, "Amezoea, mama." Basi mdogo wangu akamaliza mstari, na mwingine, na alipokuja kula hakula. Alikunywa maji vikombe vitatu akajilaza kwenye majani, na hata hapo nikamwambia akae vizuri, tuko ukweni.

Jioni tulipofika nyumbani ngozi yake ilitoa joto, ukipeleka mkono karibu unalisikia kabla hujamgusa. Masikio yalikuwa yamevimba na kung'aa. Mabegani yalianza kutoka malengelenge, madogo kwanza, kisha yakaungana. Akaanza kutetemeka. Anatetemeka hivi, na mwili ni moto, kichwa kinamgonga, akisimama anasema nyumba inazunguka. Akatapika maji yote aliyokunywa. Akaenda chooni akarudi akaniambia mkojo ni mchache na rangi yake ni ya chai ya rangi.

Sasa nawauliza nyinyi mnaokaa huku: mtu ana homa, anatetemeka, anatapika, kichwa kinauma, utasema nini? Nilisema malaria. Sikuwaza mara mbili. Nikatoka mbio mpaka duka la dawa, nikamwambia muuzaji nipe mseto wa mtu mzima.

"Amepima?" akaniuliza.

"Malaria naijua mimi, nimezaa watatu."

"Dalili nyingine yoyote?"

"Hakuna."

Hakuna! Nimemwacha nyumbani mtu amebabuka mgongo mzima, halafu nasema hakuna. Yule kijana asilaumiwe hata kidogo. Aliniuliza swali sahihi akapewa jibu la uongo, na sikujua hata kwamba ni uongo. Kichwani mwangu kulikuwa na vitu viwili mbalimbali: malaria, ambayo ni ugonjwa, na kubabuka, ambako ni kazi ya shamba. Sikujua kwamba jua peke yake linaweza kumtia mtu homa na kumtetemesha.

Asubuhi nikaendelea kuharibu. Nilichoma sindano kwa kiberiti, nikayapasua malengelenge moja moja, nikayapaka dawa ya meno. Analia, "Dada, inachoma." Namjibu, "Ndiyo inafanya kazi." Mume wangu alisimama mlangoni akasema, "Huyu mpeleke zahanati, hajakojoa vizuri tangu jana." Nikamwambia asubiri mseto uishe. Siku ya nne homa ilishuka, vidonda vikatoa usaha kidogo vikakauka, ngozi ikabanduka kama karatasi. Akaamka akarudi sokoni. Nikasema, "Mmeona? Malaria hiyo." Na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, maana kwa maneno nyumba ile ilikuwa yangu.

Kwetu mkubwa hamwombi mdogo wake msamaha. Sijui nani alianzisha, lakini baba hakuwahi kumwomba mtoto, na mama hakuwahi. Mkubwa akikosea, ananunua kitu. Unapewa, unapokea kwa mikono miwili, yameisha. Wiki ile nilimnunulia mdogo wangu doti ya kanga nzuri sana. Akapokea kwa mikono miwili. Akazivaa kilemba, zote mbili kwa zamu, kwa sababu alidhani ndivyo ninavyotaka.

Kofia ilirudi kwenye msumari nyuma ya mlango. Alikuwa akiivaa siku mbili tatu, kisha mtu anasema neno, au mimi natupa jicho, basi anafunga kilemba. Meza yangu sokoni ilikuwa pembeni na bati lake fupi. Kuanzia saa nane jua linaingia upande wa kulia, na upande wa kulia ndiko njia ya watu ilikopita. Nani akae upande wa njia? Mwenye sauti. Mimi nilikaa kwa ndani, kivulini, napima maharage. Misimu ikaenda hivyo. Aliungua, akabanduka, akapona, akaungua tena, na sisi tukaona ndiyo ngozi yake ilivyo.

Kidonda kilianza kama punje ya mtama, juu kabisa ya sikio la kulia, kwenye ukingo. Alinionyesha wakati tunapanga nyanya. Kilikuwa na gamba kavu.

"Kilemba kinakukwaruza," nikamwambia. "Kilegeze."

Akalegeza. Gamba likadondoka, kidonda kikatoa damu kidogo, gamba likarudi. Likadondoka tena. Maharage yalikuwa ndiyo yanapandwa wakati ule. Yalivunwa, yakakauka, yakaja sokoni, na kidonda bado kipo, sasa kimekuwa kama punje ya hindi. Alikuwa akiamka na doa la damu kwenye mto. Mara moja aliniuliza, "Dada, kidonda gani hakiponi?" Nikamwambia kidonda cha mtu anayekigusagusa.

Halafu likapita gari la matangazo sokoni. Wataalamu wa ngozi wanakuja hospitali Korogwe, watu wenye ualbino waje wapimwe, na atakayekuja atapewa mafuta ya kujikinga na jua. Yeye ndiye aliyelisikia vizuri, mimi nilikuwa nabishana na mteja. Akaja ameshikilia sikio.

"Dada, niende? Ni Alhamisi."

Alhamisi ilikuwa siku mbili kabla ya sikukuu. Mnajua soko la siku mbili kabla ya sikukuu. Watu hawana pa kukanyaga, na asiye na sauti hauzi. Nikamwambia maneno haya, na nayaandika yalivyo, bila kuyapamba: "Wataalamu watarudi. Wateja wa sikukuu hawarudi."

"Haya, dada," akasema.

Alhamisi ile aliita wateja mpaka sauti ikakauka. Tuliuza kila kitu. Jioni alikaa juu ya gunia tupu, kiganja amekiweka sikioni, na mimi nilikuwa na furaha.

Wataalamu walirudi kweli, lakini vuli ilikuwa imeshapita. Safari hii hakuniomba ruhusa. Niliamka nikakuta ametandika kitanda, kofia haipo msumarini. Nikawaka. Nikasema akirudi atanitambua. Saa saba simu ikaita.

"Dada, niko Korogwe. Wanataka ndugu."

"Ndugu wa nini?"

"Njoo tu, dada."

Kwenye basi nilikuwa bado nina hasira, na ninaikumbuka ile hasira kwa aibu, kwa sababu ilikuwa ni woga uliovaa nguo nyingine. Nilimkuta kwenye benchi, kofia magotini, kilemba amevua. Kwa mara ya kwanza kwa miezi nikalitazama lile sikio kwenye mwanga. Nusu ya juu ilikuwa kidonda kigumu, kingo zimeinuka, katikati panachuruzika. Chini ya taya kulikuwa na uvimbe kama kokwa la embe dogo. Nilikuwa nakula na mtu huyu kila siku. Nilikuwa sijamtazama.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, wa rika langu, na nilijua mara moja kwamba nimekutana na mdomo kama wangu. Daktari alikuwa anaandika.

"Kidonda kina muda gani?" muuguzi akauliza.

Nikaanza kuhesabu kwa maharage. Yamepandwa, yamevunwa, yamepandwa tena. Akaweka kalamu chini.

"Mama, mwezi mmoja. Kidonda kisichopona mwezi mmoja, kinachotoka gamba na kurudi, kinachotoa damu kikiguswa, hicho hukingojei. Kwa mtu yeyote. Kwa huyu ndiyo usiseme. Aliwahi kuungua sana, mpaka malengelenge?"

Nikamweleza siku ya palizi. Sijui kwa nini nilieleza yote, pengine kwa sababu daktari aliacha kuandika. Nilipofika kwenye mseto, muuguzi akashika kiuno.

"Alipimwa?"

"Hapana."

"Mtu ameungua mgongo mzima, ana homa, anatetemeka, anatapika, kizunguzungu, mkojo umekuwa wa chai, halafu unampa mseto bila kupima? Huyo alikuwa amekaukiwa maji, mama. Siku ile ile ungemleta. Malengelenge yakienea hivyo, au mtu akitapika, au akianza kuweweseka, unakuja, hungoji kesho. Malaria tungeipima hapa hapa tukajua."

"Niliyapasua," nikasema. "Nikapaka dawa ya meno."

"Eh! Dawa ya meno ni ya meno." Akavuta pumzi, sauti ikashuka. "Kivuli. Kitambaa cha maji ya baridi, si barafu. Maji ya kunywa, kidogo kidogo, mengi. Malengelenge usiyaguse, yenyewe ni bandeji. Ni hayo tu, mama. Mengine ni kuja hospitali."

Hayo tu. Kivuli kilikuwepo shambani, mama mkwe alikuwa amekikalia. Maji yalikuwepo.

Daktari ndiye aliyesema neno lenyewe, saratani, kwa upole, akimtazama mdogo wangu na si mimi. Alisema atakwenda hospitali kubwa, watalitoa sikio, na huo uvimbe wa shingoni, na baada ya hapo mionzi. Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, kama angekuja ile Alhamisi ya kwanza ingekuwaje. Akasita. Nadhani alikuwa anapima kama anibebeshe au aniache.

"Mngekuja kikiwa punje," akasema, "ningekikata hapa, akarudi nyumbani mchana huo huo."

Mdogo wangu akanishika mkono. Yeye ndiye aliyenishika mimi.

Miezi iliyofuata sitaisimulia yote. Alikonda, alitapika, ladha ikapotea mdomoni, na sauti ile ya sokoni ikawa ya kunong'ona. Mama alishuka kutoka Dindira akakaa naye hospitalini. Hakuniuliza habari za kofia hata siku moja. Laiti angenitukana! Mama alikuwa akinitazama, kisha anatazama pembeni.

Mama mkwe alikuja kumwona aliporudi kwangu kutoka hospitali, ameleta kuku na unga. Alikaa naye muda mrefu. Alipotoka nikamsindikiza, na njiani nikamwambia kwamba siku ile ya palizi nilimvua kofia kwa ajili ya heshima yake. Akasimama.

"Heshima yangu? Mimi ningemwambia nini mtoto na kofia? Marehemu baba mkwe wako alikuwa nazo tatu, na mimi mwenyewe nikienda kuangalia mbuzi naivaa." Akanitazama kama anayenihurumia. "Mwanangu, si ungeniuliza?"

Sikuuliza. Nilimvisha mama mkwe maneno ambayo hakuyasema, nikayatii. Wifi zangu nao, ukweli ni kwamba sijui wangesema nini. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye, lakini wangu nadhani alikuwepo shambani siku ile, amekaa kivulini, ananisubiri nimalize mstari.

Sasa mdogo wangu anaishi Dindira kwa mama. Yu hai. Kila miezi mitatu anashuka Korogwe kupimwa, nami napanda basi toka Handeni tunakutana hapo hapo hospitalini, na kila mara daktari anampapasa shingo, na kila mara mimi naacha kupumua mpaka aseme hamna kitu. Mpaka sasa hamna kitu. Tunasema "mpaka sasa," hatusemi zaidi. Anapaka mafuta yake asubuhi hata ukungu ukiwa umelala mlangoni, anavaa mikono mirefu, na kofia ile ya ukili haivui ila akiingia ndani. Chini ya kofia anafunga kitambaa upande wa kulia. Pale sikio halipo, na tundu lenyewe lilizibwa, upande ule hasikii chochote.

Nimeshamnunulia mengi. Viatu, blanketi, redio ndogo, kanga sita, mpaka mama akaniambia kabati limejaa. Anapokea kwa mikono miwili. Hayajaisha.

Mwezi uliopita nilipanda Dindira kuwasalimia. Asubuhi tulikaa barazani yeye na mimi, tunapukuchua maharage, vikombe vya chai chini. Ukungu ulikuwa unainuka mdogo mdogo kutoka kwenye mashamba ya chai. Sikupanga, lakini nilijikuta nimekaa upande wake wa kulia. Nikatazama ule ukingo wa kofia. Nikasema polepole, huku mikono inaendelea na maharage.

"Nisamehe, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekuvua kofia. Uliniambia mgongo unawaka nikakwambia maliza mstari. Uliniomba uende Korogwe nikakukatalia. Nisamehe."

Akaendelea kupukuchua. Ganda, punje, ganda, punje. Nilijua hakusikia, na ndiyo maana niliweza kusema.

Halafu akageuka. Labda aliona mdomo wangu unatembea.

"Umesema nini, dada? Huko sisikii. Hamia huku."

Nikainuka na kigoda changu, nikazunguka, nikakaa kushoto kwake. Akainua ukingo wa kofia kwa kidole ili anione vizuri.

"Haya, sema."

Mimi, mwenye mdomo, niliyempiga mtu mwiko kwa ajili yake. Nikamtazama usoni.

"Nimesema chai yako inapoa," nikamwambia.

Akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Mbona bado ya moto," akasema. Akakirudisha chini, akageuza sikio lake zima kwangu, akangoja.